Mto wa Darasa la Tano

Mwalimu alistaafu akiwa na sifa mbili shuleni kwake. Ya kwanza, hakuwahi kuchelewa kipindi. Ya pili, ndiye mtu pekee ambaye watoto walimfahamu aliyewahi kupanda ngome ya kale, ile iliyomo kwenye kitabu cha historia cha darasa la tano, ukurasa wa sitini na mbili. Picha yenyewe ilikuwa ndogo na imefifia: jabali limesimama peke yake, ngazi za mawe zimelizunguka mpaka juu, na juu kabisa vipande vya kuta. Kila mwaka wakifika ukurasa huo Mwalimu alifunga kitabu, akakaa kwenye ukingo wa meza, na darasa likanyamaza lenyewe.

"Nilikuwa na miaka ishirini na minne," alianza. Kisha aliwapeleka ngazi kwa ngazi, mia nne na kumi na mbili, akawaonyesha namna upepo wa kule juu unavyomvua mtu kitambaa, na mwisho akawafikisha kileleni. "Ukisimama pale unauona mto. Unajikunja kule chini, unang'aa kama bati jipya."

Alisimulia hivyo kwa miaka thelathini na mmoja. Ukweli ni kwamba hakupanda hata ngazi moja.

Nchi ile alifika, hilo halina ubishi. Alipelekwa na serikali kwa kozi ya miezi minne pamoja na walimu wengine kutoka huku na huku, na Jumamosi moja wakapakiwa kwenye basi kwenda kuiona ngome. Mwalimu alishuka na wenzake, akainua macho, akaona watu wamejibandika ubavuni mwa jabali, wadogo kama siafu, na miguu yake ikagoma. Tangu utotoni alikuwa anaogopa kupanda juu; hata stuli ya kubadilishia balbu ilimtoa jasho. Aliwaambia wenzake tumbo limemchafuka, akarudi kukaa ndani ya basi. Alikaa saa sita akitazama maegesho na mgongo wa kibanda cha soda. Jioni wenzake walirudi wamebabuka na jua, wanasemezana wote kwa pamoja, naye akasikiliza. Idadi ya ngazi aliipata kwao. Upepo aliupata kwao.

Aliporudi nyumbani, sebuleni kulikuwa kumejaa watu. Mumewe, seremala aliyependa maneno kuliko randa, alimuuliza mbele ya wote, "Na ile ngome ya kitabuni, uliipanda?" Mwalimu alikuwa amechoka, watu wote wanamtazama, mdomo ukajibu, "Niliipanda." Alidhani atasahihisha kesho yake. Kesho yake mume alikuwa ameshawaambia karakana nzima. Uongo ule uliingia nyumbani kama mgeni wa siku mbili, ukakaa miaka thelathini na tisa.

Mume alifariki miaka minne iliyopita bila kuambiwa. Hilo ndilo lililokuwa linamkaa Mwalimu kifuani, zaidi hata ya wale watoto.

Sasa binti yake wa pili alikuwa amepata kazi ya maabara katika hospitali moja ya nchi ile ile. Alipokwisha kutulia, akawatumia watu wawili tiketi za ndege: mama yake, na shangazi yake, dada wa marehemu. Shangazi huyo alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Sindano; nusu kwa sababu ya kazi, nusu kwa sababu ya ulimi. Yeye na Mwalimu waliitana wifi, waligombana kila wiki, na hakuna aliyeweza kula sikukuu bila mwenziwe.

"Mama, safari hii utamwonyesha shangazi mto wako," binti alisema kwenye simu. Mwalimu akajibu, "Inshallah," kwa sauti ya mtu anayeombea mvua.

Na mvua haikunyesha. Walipofika kwa binti, siku zote tatu kabla ya safari ya ngome alijaribu kila njia. Alisema goti linamsumbua. Binti akaleta dawa ya kuchua na bandeji ya kuvuta. Alisema ni aibu kumwacha mwenyeji nyumbani. Binti akasema Alhamisi yuko zamu mpaka saa kumi, hata wakibaki watatazamana na kuta. Alisema yeye alishaiona, Sindano aende na kundi la watalii. Hapo Sindano akatoa pini mdomoni, maana alikuwa anampunguzia mpwa wake sketi, akasema, "Wifi, nimekusikiliza tangu nina meno yote. Nisiende na wewe, niende na nani?"

Alhamisi saa mbili asubuhi wakawa kwenye basi dogo la watalii, watu kumi, pamoja na mwongozaji: mwanamke wa makamo mwenye kofia pana, anayeongea Kiingereza taratibu ili kila mtu amfuate. Sindano Kiingereza chake kiliishia kwenye vipimo vya kitambaa, kwa hiyo Mwalimu akawa mkalimani. Njia nzima mwongozaji alieleza habari za wafalme na vita, Mwalimu akatafsiri, na Sindano akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia umbea wa jirani.

Walipofika, Mwalimu aliyatambua maegesho. Yalikuwa yamepanuliwa na kuwekwa lami, lakini aliyatambua. Aliinua macho mara moja akayashusha. Jabali lilikuwa pale pale.

"Haya, tangulia," Sindano alisema. "Wewe ndiye mwenyeji."

Mwalimu alisimama. Alijua kabisa kinachofuata: atasema tumbo, wifi yake atasema basi tukae wote, watakaa, na jioni Sindano, ambaye huona mshono ulioruka kutoka ng'ambo ya barabara, atakuwa ameshaunganisha mambo. Kati ya jabali na ulimi wa wifi yake, akachagua jabali.

"Tangulia wewe," alisema. "Mimi nataka uone kabla yangu."

Kwa hiyo Sindano akaenda mbele, na Mwalimu akafuata huku amekaza macho kwenye upindo wa sketi ya wifi yake. Ilikuwa sketi ya kijivu, upindo umeshonwa kwa mkono, nyuzi zimelala sawa sawa. Hakutazama kulia, hakutazama kushoto. Mkono mmoja ulijiburura ukutani mwa jabali, wa pili ukabana bomba la chuma la kushikilia. Wanaoshuka walipompisha kwa upande wa nje, yeye alijibana kwenye mawe mpaka vumbi likamjaa begani.

"Wifi, mbona leo huongei?" Sindano aliuliza bila kugeuka.

"Nahesabu."

"Si unaijua idadi yake?"

"Nahakikisha."

Kwenye mia na hamsini palikuwa na kibaraza; mwongozaji akawapumzisha na kueleza juu ya michoro ya kale iliyochorwa kwenye mwamba. Mwalimu alitafsiri akiwa ameelekea ukuta. Baada ya pale hesabu ilimpotea, maana ngazi za mawe zilikatika na mahali pake pakawekwa ngazi za chuma zenye matundu. Kupitia matundu yale aliona chini. Aliona basi lao, dogo kama kiberiti.

Akasimama. Alikuwa na hakika kwamba akinyanyua mguu ataanguka.

Sindano aligeuka, akamtazama, akadhani ni lile goti. Akashuka ngazi mbili, akautoa mkoba wake begani na kumpa mkanda. "Shika hapa. Usinivute lakini, mimi si punda."

Mwalimu akashika. Akafumba macho, akanyanyua mguu, akaushusha, na chuma kikampokea. Akanyanyua wa pili. Wakaenda hivyo, mmoja ananung'unika na mwingine kafumba macho, mpaka sauti ya nyayo ikabadilika na upepo ukampiga usoni kutoka pande zote.

Alifumbua macho. Alikuwa amesimama juu ya ardhi tambarare, pana kuliko kiwanja cha mpira cha shule yake, kuta zilizobomoka zimetapakaa, majani yameota katikati ya mawe. Kitambaa chake kilikuwa kimetoka kichwani na kuning'inia shingoni. Hakukumbuka kilitoka saa ngapi.

Nimefika, alijiambia. Akashika ukuta wa karibu, jiwe limepata joto la jua, akaubonyeza kwa kiganja kama mtu anayepima unga. Nimefika kweli. Furaha ilimpanda ghafla, furaha ya mtoto aliyeambiwa mtihani umeahirishwa, na kwa muda mfupi hakukumbuka jambo lingine lolote.

Sindano alikuwa ameshakwenda ukingoni, penye uzio. Alitazama, akaenda upande wa pili, akatazama. Akarudi akiwa ameweka mkono juu ya macho.

"Wifi. Mto uko upande gani?"

Mwalimu aligeuza macho pole pole. Kulikuwa na mashamba, vipande vya kahawia na vya kijani. Kulikuwa na barabara, na mji wenye mapaa mengi, na zaidi ya mji vilima. Maji hayakuwepo upande wowote.

"Labda kule nyuma ya kuta," alisema.

Wakaenda nyuma ya kuta. Huko kulikuwa na mashamba mengine.

"Muulize huyu mama," Sindano alisema, na bila kusubiri akampungia mwongozaji mkono. Mwongozaji akaja akitabasamu. Mwalimu akamuuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo, kama kuna mto unaoonekana kutoka pale. Mwongozaji akatikisa kichwa. Alieleza kwa kirefu, kwa sababu ni swali alilolipenda: hapa hakuna mto, na haukuwahi kuwepo, na ndiyo maana ngome ni ya ajabu. Watu wa zamani walichimba mabwawa ndani ya mwamba wenyewe wakakinga maji ya mvua. Akaonyesha kwa mkono moja ya mabwawa hayo, shimo la mraba lenye maji ya kijani.

Alipomaliza, wote wawili wakamtazama Mwalimu. Sindano aliitazama midomo yake.

"Anasemaje?"

Jibu lilikuwa tayari. Lilikuja lenyewe, limepigwa pasi na kukunjwa: mto ulikauka, wifi, ni miaka mingi sasa. Mwongozaji asingejua kilichosemwa. Sindano angeamini, tena angeuhurumia. Uongo mmoja mdogo tu juu ya ule mwingine, na safari ingeisha kwa amani.

Mwalimu alifungua mdomo. Lakini kiganja chake bado kilikuwa na joto la lile jiwe, na swali likamjia ambalo hakuwahi kujiuliza: sasa ninaficha nini? Aibu yenyewe ilikuwa ya kutopanda. Na amepanda.

"Anasema hakuna mto," alisema. "Haukuwahi kuwepo."

Sindano alimpima mwongozaji kuanzia kofia hadi viatu. "Huyu ni mgeni kazini?"

"Alituambia kwenye basi, ana miaka kumi na tisa hapa."

"Basi hajui kazi."

"Anaijua. Asiyejua ni mimi. Wifi, leo ndiyo mara yangu ya kwanza kufika hapa juu. Siku ile nilikaa kwenye basi. Niliogopa. Wenzangu walipanda, mimi nikabaki nikitazama kibanda cha soda mpaka jioni, na yote niliyowaambia niliyasikia kwao."

Mwongozaji, ambaye hakuelewa neno lakini alielewa sura, alisogea akaenda kwa watalii wengine. Sindano alitafuta jiwe, akalifuta vumbi kwa leso, akakaa.

"Kaka yangu alijua?"

"Hapana."

"Hata zile siku za hospitali?"

"Nilitaka kumwambia. Kila nikikaa pale kitandani ananianzishia hadithi, mara ya mteja wake, mara ya lile kabati lililokwama mlangoni. Nikasema mwache afurahi. Kisha nikachelewa."

Sindano aliinamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika, na Mwalimu, moyo umemshuka, akasogea kumshika. Ndipo akaona kwamba wifi yake anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, halafu na sauti, mpaka akaondoa miwani na kuifuta.

"Na mto?" aliuliza alipopata pumzi. "Hao wenzako si waliyaona mashamba haya haya? Mto uliutoa wapi?"

Mwalimu akafikiri. "Sijui. Nadhani niliubuni."

"Hukuubuni wewe. Ule mto ni wa kaka."

"Wa nani?"

"Nisikilize. Siku uliporudi mimi nilikuwepo sebuleni, nimekaa karibu na mlango. Ulisema ngazi, ulisema upepo, mto hukuutaja. Kesho yake kaka akaja dukani kwangu kuchukua mapazia yenu. Kuna wateja watatu wamekaa. Akaanza: mke wangu kapanda ngome, na ukifika juu unaona mto mkubwa hivi. Nikamwambia, kaka, jana mto haukuwepo. Unajua alinijibu nini? Alisema, jabali refu namna hiyo litakosaje mto chini yake?"

Mwalimu alikaa kwenye jiwe la pembeni bila kulifuta vumbi.

"Nikajua ametia chumvi," Sindano aliendelea, "si unajua hakuweza kusimulia hata habari ya msumari bila kuitia chumvi. Lakini baadaye nikakusikia na wewe unautaja mto, na jinsi unavyojikunja. Nikasema kumbe kweli upo, nimemwonea kaka yangu bure."

Kumbukumbu ikamrudia. Alikuwa jikoni, dirisha wazi, anasikia mumewe nje akimsimulia jirani, na mto ukatokea katikati ya maneno. Alisimama na sufuria mkononi akijiuliza atautoaje. Asingeweza kuutoa mto bila kutoa na ngazi na upepo na kila kitu. Akauacha. Mwaka uliofuata, darasani, aliusema mwenyewe, na miaka ikapita mpaka akaamini umetoka kichwani mwake.

"Kwa hiyo tulidanganya wote wawili," alisema.

"Mlishirikiana. Ndoa ndiyo hiyo."

Hapo Mwalimu naye akacheka. Kilichomtoka hakikuwa kicheko cha kawaida. Kilikuwa kama mzigo unaoshushwa na mtu asiyeamini kwamba ameruhusiwa kuutua. Alicheka huku machozi yanamtiririka, na hakuyafuta.

"Angenisamehe?"

"Nani, kaka? Angekucheka mwaka mzima. Halafu angesema mto upo, ila huyu mwongozaji macho yake mabovu."

Ilikuwa kweli kabisa. Mwalimu aliisikia sauti yake ikisema hivyo.

"Na wale watoto?" Mwalimu aliuliza. "Miaka thelathini na mmoja, wifi. Wengine sasa ni wazazi. Mmoja ni diwani."

"Mtihani uliwahi kuuliza mto?"

"Hapana."

"Basi. Hakuna aliyefeli kwa ajili yako. Huyo diwani akidanganya, hakujifunza kwako."

Mwongozaji alipuliza kipenga kuwaita wateremke. Mwalimu akaenda mpaka kwenye kichwa cha ngazi, akatazama, na dunia yote ikafunguka chini ya viatu vyake. Kupanda, mtu hutazama ukuta. Kushuka hakuna ukuta wa kutazama.

"Wifi," alisema, "naogopa."

Alikuwa hajawahi kulisema neno hilo kwa mtu mzima wakati woga wenyewe ukiwa bado umemshika. Alingoja kuona litafanya nini. Halikufanya kitu. Sindano alikung'uta sketi, akasema, "Kaa chini basi. Tutashuka kwa makalio."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Kuna anayekujua hapa?"

Mwalimu akakaa kwenye ngazi ya kwanza. Sindano akashuka ngazi mbili mbele yake, kinyumenyume, akimkingia mtazamo kwa mwili wake na kumwelekeza kama anayemfundisha mwanagenzi kukata kitambaa: shusha mguu wa kushoto, taratibu, sasa wa kulia, sogeza kiuno, hapo hapo. Watalii wakawapisha. Mmoja wao, baba mnene mwenye kamera kubwa, ambaye muda wote alikuwa amekumbatia bomba akijifanya anapiga picha, aliwatazama, akaona hakuna anayewacheka, naye akakaa. Wakashuka hivyo, Mwalimu mbele na yule baba nyuma yake, ngazi kwa ngazi, na mwongozaji akashuka nao akibeba ile kamera. Kwenye kibaraza walipumzika. Yule baba akasema kitu kwa lugha yake. Sindano akamjibu kwa Kiswahili kwamba afadhali yeye amevaa suruali.

Walifika chini mwisho wa watu wote. Mwalimu aliposimama, miguu ilimtii. Sindano alimgeuza, akamkung'uta vumbi nyuma kwa makofi ambayo hayakuwa ya lazima yote, akachunguza gauni. "Mshono umeachia hapa. Jifunge kanga."

Simu ikaita. Alikuwa binti, kwenye mapumziko yake ya chakula, anataka kujua kama wamepanda na goti likoje.

"Nimepanda mpaka juu," Mwalimu alisema. Akasikia jinsi maneno yalivyotoka laini, hayakukwaruza popote. "Jioni nitakusimulia. Kaa tayari, kuna mambo kuhusu baba yako."

"Mambo gani tena, mama?"

"Ya kuchekesha. Rudi kazini."

Wakakaa kwenye benchi kando ya basi, wakangoja yule baba mnene amalize kunywa maji na kufuta jasho. Sindano alitoa kwenye mkoba mkate na mayai ya kuchemsha yaliyofungwa kwenye karatasi. Mwalimu akakumbuka kwamba tangu jana mchana hajatia kitu cha maana tumboni. Alimenya yai la kwanza, akalila kwa matonge mawili. Akala la pili na nusu mkate.

"Hilo la tatu ni langu," Sindano alisema.

"Una mawili."

Sindano akamtazama, akasonya, akampa.

Basi lilipoondoka Mwalimu alikuwa dirishani. Alikusudia kulitazama jabali mpaka lipotee, lakini hawakufika hata barabara kuu. Alilala, kichwa kwenye bega la wifi yake, mdomo wazi, akikoroma mbele ya wageni bila aibu yoyote, na Sindano hakumwamsha mpaka walipofika mlangoni kwa binti.